Allison Mack Hakuwa Mjinga, na Sisi wa Sanaa Tusijidanganye

Ukitaja jina la Allison Mack mbele ya wanachuo wanaofuatilia tamthilia za nje, jibu ni moja tu: alikuwa mjinga. Msichana ana pesa, ana jina, sura yake iko kwenye televisheni kila wiki, halafu anakwenda kujiunga na kikundi ambacho wanawake wanapigwa chapa mwilini kama ng'ombe? Kama huo si ujinga, ni nini?

Mimi nalikataa jibu hilo kwa sababu mbili. Kwanza, si kweli. Pili, ni jibu linalotuacha uchi. Mtu akishaamini kwamba wanaonaswa ni wajinga tu, anajiambia: mimi nina akili, nina GPA nzuri, basi niko salama. Hapo ndipo anapoanza kuwa mteja mzuri wa watu wa aina hiyo. Nasoma Sanaa za Maonyesho, mwaka wa tatu, na hoja yangu ni kwamba kazi tunayofundishwa sisi wa jukwaani inatupa mazoea mazuri sana ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyageuza kamba ya kutufungia. Nawaandikia wenzangu wa sanaa kwanza, lakini hata wewe wa uhasibu au wa uhandisi usifunge ukurasa.

Habari yenyewe kwa ufupi

Mack alianza kuigiza akiwa mtoto. Alijulikana dunia nzima kwa tamthilia ya Smallville, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2001 hadi 2011, akicheza nafasi ya Chloe Sullivan, rafiki wa kijana ambaye baadaye angekuwa Superman. Ilikuwa ikipigwa picha Vancouver, Kanada. Huko huko Vancouver, mwaka 2006, mwigizaji mwenzake akamkaribisha kwenye mafunzo ya kikundi kilichoitwa NXIVM. Alikuwa hajafikisha hata miaka 25. Yaani umri wa wengi wetu hapa.

NXIVM ilianzishwa mwaka 1998 karibu na mji wa Albany, jimbo la New York, na watu wawili: Keith Raniere na Nancy Salzman. Haikujiita dini. Ilijiita shule ya mafanikio. Bidhaa yake kuu ilikuwa semina za kujitambua, kuondoa woga, kujua unataka nini maishani. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, semina ya siku tano iliweza kumgharimu mtu hadi dola 5,000. Watu wapatao 16,000 walipita kwenye kozi hizo kwa miaka yote. Wengi wao walisoma, wakalipa, wakarudi nyumbani na maisha yakaendelea. Wachache walizidi kuingia ndani.

Mwaka 2015, ndani ya kikundi hicho kikazaliwa kingine cha siri, cha wanawake, kilichoitwa DOS. Kilikuwa na "mabwana" na "watumwa", maneno hayo hayo bila kupunguzwa. Juu kabisa alikuwa Raniere, mwanamume pekee, lakini wanawake wengi walioingizwa hawakuambiwa hivyo. Mack alikuwa mmoja wa waliokuwa karibu kabisa na kilele. Wanawake walitoa siri zao kama dhamana, walipangiwa chakula kidogo mno, na baadhi walipigwa chapa karibu na nyonga kwa kalamu ya umeme ya kuchomea ngozi, bila ganzi. Waliambiwa kwamba alama ile ni ishara ya vitu vya asili. Kumbe zilikuwa herufi za jina la Raniere.

Oktoba 2017 gazeti la New York Times likatoa habari hizo, na kati ya waliozungumza alikuwa Sarah Edmondson, mwigizaji wa Kanada aliyekuwa ndani kwa miaka kumi na miwili. Machi 2018 Raniere akakamatwa Mexico. Mwezi uliofuata Mack akakamatwa. Raniere alitiwa hatiani Juni 2019 na Oktoba 2020 akahukumiwa miaka 120 jela. Mack alikiri makosa ya uhalifu wa kupangwa Aprili 2019, akashirikiana na waendesha mashtaka, na Juni 2021 akapewa miaka mitatu. Aliachiwa mwaka 2023.

Hizo ndizo habari. Sasa tuzungumze.

Mlango wa mbele ulikuwa mzuri

Kosa letu la kwanza ni kuanzia mwisho. Tunaanza na chapa, halafu tunauliza: mtu mwenye akili anakubalije kuchomwa? Lakini hakuna aliyekaribishwa kuchomwa. Kati ya 2006, Mack alipoingia, na 2015, DOS ilipoanza, kuna miaka tisa. Miaka tisa, jamani! Mtu anaweza kumaliza shahada ya kwanza, ya pili na nusu ya udaktari. Katika miaka hiyo yote hakuambiwa hata siku moja, "leo tunaruka kutoka hapa hadi kule." Alipandishwa ngazi moja moja, na kila ngazi ilikuwa fupi.

Na ngazi za mwanzo zilikuwa na faida ya kweli. Hili watu hawapendi kulisema, lakini wengi waliotoka NXIVM, hata wale waliokuja kutoa ushahidi mahakamani, wamekiri kwamba kozi za mwanzo ziliwasaidia. Unafundishwa kusikiliza. Unafundishwa kutafuta mzizi wa hofu yako. Unakaa na watu makini wanaokuangalia machoni na kukuuliza habari zako, wala hawachezei simu. Nani asiyependa? Mtego usio na chambo haumnasi hata panya. Na mchovya asali, wahenga walisema, hachovyi mara moja.

Halafu kulikuwa na skafu. Mwanafunzi mpya alivaa skafu nyeupe, akipanda anapata rangi nyingine, na juu ya rangi kuna mistari. Ili upande, unasoma kozi zaidi, na unaleta watu. Raniere hakubuni hili kutoka hewani. Kabla ya NXIVM alikuwa na kampuni ya kuuza uanachama wa punguzo la bei, ambayo ilifungwa miaka ya 1990 baada ya majimbo kadhaa ya Marekani kuichunguza kwa tuhuma za upatu. Kwa hiyo alijua vizuri kwamba mteja bora ni yule anayekuletea mteja. Alichobadilisha ni bidhaa. Badala ya punguzo la bei ya friji, akauza nafsi yako iliyoboreshwa. Friji ikiharibika utajua. Nafsi yako ikichelewa kuboreka, unaambiwa hujafanya bidii ya kutosha, lipia kozi inayofuata.

Kwa nini waigizaji?

Ndani ya NXIVM kulikuwa na waigizaji na watengeneza filamu wengi kupita kawaida. Mbali na Mack na Edmondson, kulikuwa na Mark Vicente, mwongozaji wa filamu, aliyekuja kutoa ushahidi dhidi ya Raniere mwaka 2019. Mwigizaji Catherine Oxenberg, wa tamthilia ya Dynasty, alikwenda na binti yake kwenye semina mwaka 2011. Yeye alitoka. Binti alibaki, na mama akahangaika miaka kumtoa. Kikundi kilikuwa hata na kozi maalumu ya waigizaji, iliyoitwa The Source, na Mack alikuwa kinara wake.

Sababu moja iko wazi: sura maarufu inauza. Ukimwona Chloe Sullivan mwenyewe amevaa skafu, unasema hapa pana maana. Lakini hiyo inaeleza kwa nini wao waliwataka waigizaji. Haielezi kwa nini waigizaji walikubali. Na hapa naomba wenzangu wa idara yetu mnisikilize.

Angalia tunavyofundishwa. Wiki ya kwanza kabisa ya mwaka wa kwanza unafumba macho, unajiangusha kinyumenyume, wenzako wanakudaka. Usipojiangusha, unaambiwa hujajiachia. Baadaye unaambiwa utafute kumbukumbu inayokuuma, msiba au aibu ya utotoni, uilete mbele ya watu kumi na tano ili uhusika wako uwe na ukweli. Ukisita, unaambiwa unajificha. Mwongozaji akikwambia lia, unalia. Akikwambia rudia, unarudia mara ishirini, hata kama hujaona kosa lako liko wapi. Ukibishana naye unaitwa msumbufu, na mwigizaji msumbufu hapangiwi nafasi. Mtu anakosoa sauti yako, mwili wako, mwendo wako, uso wako, nawe unasema asante, kwa sababu ndiyo kazi.

Na haya yote ni sawa! Sitaki mtu aseme nimeitukana idara. Bila kujiachia hakuna sanaa. Mwigizaji anayelinda kila inchi ya nafsi yake anaboa hadhira. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaa kwenye mazoezi ya aina hii tangu utoto, kama Mack, akifika kwenye chumba ambamo mwalimu anamwambia, "Leta jeraha lako hapa mbele, tulifanyie kazi," hashtuki. Mhandisi angeshtuka. Yeye anahisi yuko nyumbani.

Ongeza na usaili. Kazi yetu ni ya kukataliwa. Mtu wa benki akinyimwa kazi anaweza kujiambia CV haikutosha. Mwigizaji akinyimwa nafasi, kilichokataliwa ni yeye mwenyewe: mwili na sauti yake. Hata anayefanikiwa hana raha, kwa sababu tamthilia ikiisha hajui kama simu italia tena. Kwa hiyo swali "nina kasoro gani?" analala nalo na kuamka nalo. Sasa anakuja mtu anamwambia: kasoro ipo, naijua, na inaondoka kwa kozi. Unategemea asiulize bei?

Tofauti kati ya mwongozaji na mmiliki

Basi tufanyeje, tuache kujiachia? Hapana. Tujue tu tofauti kati ya mwongozaji na mmiliki. Kwa maoni yangu ziko tatu.

Ya kwanza ni muda. Mwongozaji ana mamlaka juu yangu kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, mpaka siku ya onyesho. Pazia likifungwa, mamlaka yake yamekwisha. Nikikutana naye kwa mama ntilie, hawezi kuniambia nile nini. Ndani ya DOS "mtumwa" alitakiwa kujibu ujumbe wa simu saa yoyote, hata usiku wa manane, na kuomba ruhusa ya kula. Hakukuwa na pazia.

Ya pili ni kazi. Mimi na mwongozaji tunatengeneza kitu kilicho nje yetu sote wawili, yaani mchezo. Watu watakuja, watautazama, watasema mzuri au mbovu, na hata yeye atahukumiwa. Lakini kama kinachotengenezwa ni mimi mwenyewe, na anayejua kama nimekamilika ni yeye peke yake, hiyo kazi haitaisha. Itaishaje? Fundi akishakuwa ndiye hakimu, nguo haitamaliza kushonwa.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni shaka. Mwongozaji mzuri ukimwambia, "Kaka, hapa sioni mantiki," atakasirika kidogo, kisha atafikiri. Huenda akabadilisha. Kwa Raniere, shaka yako ilikuwa ugonjwa wako. Ukisema jambo fulani halikai sawa, hujibiwi hoja. Unaulizwa, "Ni nini ndani yako kinachokufanya uone hivyo?" Basi mnaanza kuchimba utoto wako, na lile jambo lisilokaa sawa linabaki pale pale, halijaguswa. Walifundishwa pia kwamba hakuna mtu aliye mwathirika kwa kweli, kwamba kila linalokuumiza umelichagua kwa namna unavyolitazama. Mkosoaji wa nje alipewa jina la mtu mkandamizaji, hasikilizwi. Na kabla ya yote ulikuwa umetia saini karatasi ya kutotoa siri za kozi.

Ukiunganisha hayo, mlango umefungwa pande zote. Ukiumia, ni udhaifu wako. Ukilalamika, unajifanya mwathirika. Ukimsikiliza mzazi wako, mzazi ni mkandamizaji. Mtu mwenye akili nyingi ndani ya chumba hicho hana msaada wa akili yake, maana kila ikijitahidi kumwonya, amefundishwa kuitafsiri sauti hiyo kama kasoro. Ndiyo maana nasema habari ya ujinga haituelezi kitu. Werevu wake ulikuwepo, ila ulikuwa umeshaajiriwa na upande wa pili.

Dhamana

Neno walilolitumia DOS kwa siri zile ni lile lile la benki: dhamana. Ili uambiwe habari za hicho kikundi cha siri, ulitakiwa kwanza utoe kitu kitakachokuangamiza kikitoka nje: picha za utupu, barua ya kumsingizia mzazi wako jambo baya, hati za mali. Tazama mpangilio wake. Hujui unachoingia, lakini umeshalipa kwa kitu ambacho hakirudi. Na baadaye ukadaiwa kingine, na kingine.

Wanachuo wa leo tunalielewa hili kuliko wazazi wetu. Tunajua picha iliyotoka kwenye simu yako haina pa kurudi. Tunajua pia programu za mikopo ya simu ambazo ukichelewa kulipa zinawatumia ujumbe watu wote kwenye orodha yako ya namba, mpaka mchungaji wako. Kanuni ni moja: anayeshika aibu yako hana haja ya kukufunga mlango. Utakaa mwenyewe.

"Lakini alikuwa mtu mzima"

Kuna rafiki yangu wa sheria tuliyebishana naye sana juu ya hili. Anasema: dada, acha kumtetea. Mack hakuburutwa. Na tena yeye ndiye aliyewaburuta wengine.

Hapo kwenye sentensi ya pili ana haki kabisa, na mimi sitaki makala hii isomwe kama utetezi. Alipokiri mahakamani, Mack alieleza kwamba aliwaingiza wanawake kwa kuwaambia ni kikundi cha wanawake cha kuinuana, akawaficha kwamba Raniere ndiye kiongozi, na akachukua dhamana zao. Waliomwamini walimwamini kwa sababu ya uso ule ule tuliouona kwenye televisheni. Wapo waliosimama mahakamani siku ya hukumu wakaeleza alichowafanyia. Mwongozo wa adhabu ulikuwa unamwelekeza kwenye miaka 14 na zaidi. Alipewa mitatu kwa sababu alitoa ushahidi wenye uzito, ukiwemo mkanda wa sauti ambamo Raniere anasikika akielekeza jinsi tukio la chapa lifanyike.

Kwa hiyo mahakama ilishika mambo mawili kwa mkono mmoja: huyu ametumiwa, na huyu ametumia watu. Sisi tunapenda moja tu, ama malaika ama shetani. Lakini kikundi cha aina hii hakiwezi kusimama bila watu ambao ni yote mawili. Kila "mtumwa" alihimizwa kutafuta watumwa wake. Siku unapomleta rafiki yako, ndiyo siku ambayo kutoka kwako kunakuwa kugumu maradufu, kwa sababu ili ukubali kwamba umedanganywa lazima ukubali pia kwamba umedanganya. Wengi wanashindwa kumeza hilo, wanaona bora waendelee kuamini.

Lakini kwenye sentensi yake ya kwanza, kwamba alichagua, namkatalia ndugu yangu wa sheria. Kuchagua kunahitaji kujua unachochagua. Wewe mwenyewe unasoma sheria ya mikataba: ridhaa iliyopatikana kwa kufichwa jambo la msingi ni ridhaa ya namna gani?

Hapa kwetu

Mtu atasema, haya ni mambo ya Wazungu wenye dola 5,000 za kutupa. Bwana we. Wazazi wetu wanaikumbuka DECI, mwaka 2009, watu walivyopanda mbegu wakingoja mavuno, na wengine wakapanda ada za watoto. Majirani zetu Kenya, mwaka 2023, walifukua zaidi ya miili 400 kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu ambao wengi wao walifariki kwa kufunga kula. Baada ya Shakahola tulianza kuwa macho na makanisa ya vichochoroni, na ni vizuri. Lakini tumejizoesha kuitafuta hatari kwa mtu aliyeshika kitabu kitakatifu. Mtu akija na suti, kompyuta na maneno kama "mindset" na "next level", tunampa ukumbi wa chuo bure na kumpigia makofi.

Muhula uliopita bango lilibandikwa hadi kwenye mlango wa ukumbi wetu wa mazoezi, likiwaita "vijana wenye vipaji vya sanaa". Kikao cha kwanza bure, na soda. Nilikwenda. Msemaji alikuwa hodari kweli, nilitamani kuiba pumzi yake ya jukwaani. Kikao cha pili kilikuwa na kiingilio. Cha tatu kilikuwa nje ya chuo, wikiendi nzima, simu zinakusanywa mlangoni, na tukaambiwa tusiwasimulie wa nyumbani kwa sababu "watu wenye fikra hasi wataua ndoto yako". Mimi hapo niliishia, si kwa ushujaa, nilikuwa na mtihani. Mwenzangu mmoja alikwenda, na sehemu nzuri ya boom lake ikaenda naye. Simtaji aliyeendesha, na sisemi kwamba ni Raniere mwingine. Huenda ni mfanyabiashara tu wa maneno. Ninachosema ni kwamba ngazi zile tatu nilizoziona, bure, kidogo, kisha siri, ni ngazi zile zile. Na sikumwona mtu yeyote wa uongozi aliyewauliza nyinyi ni akina nani.

Sisi ni wateja wazuri, tusifichane. Ajira hakuna uhakika. Mwaka wa tatu kila mtu anakuuliza "ukimaliza utafanya nini?", na wa sanaa ndiyo kabisa, shangazi anakuuliza kama kuigiza nako ni kazi. Mtu akija akasema anajua jibu, masikio yanasimama yenyewe.

Tufanye nini

Sipendekezi semina zipigwe marufuku. Zipo za maana, na mtu mzima ana haki ya kununua matumaini yake. Napendekeza mambo mawili.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: ukumbi wa chuo usitolewe kwa semina yoyote ya nje kabla mwenye semina hajaandika wazi jina lake kamili, taasisi yake, na bei ya ngazi zote mpaka ya mwisho, siyo ya kwanza tu. Karatasi hiyo ibandikwe pembeni ya bango. Haigharimu kitu. Anayefanya biashara halali hatakataa, na anayekataa ametuambia tulichotaka kujua.

Kwa kila mwanachuo, hasa wa jukwaani, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Naruhusiwa kumsimulia mama yangu kila kitu kilichofanyika humu? Nikisema sikubaliani, najibiwa hoja au nachunguzwa mimi? Mafunzo haya yanaisha lini, na nitajuaje kwamba nimehitimu? Na je, nikitoka leo, nitaacha nini mikononi mwao? Likikosekana jibu la moja tu, chukua begi lako. Huhitaji kuthibitisha kwamba ni wabaya, na huna deni la kumweleza mtu kwa nini umeondoka.

Edmondson hakuondoka NXIVM baada ya kupata ushahidi wa mahakamani. Huo ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sababu yeye na wengine waliondoka kwanza, wakasema. Ile shaka ambayo kwa miaka kumi na miwili aliambiwa ni kasoro yake, ndiyo iliyomtoa. Sisi tunaofundishwa kuisikiliza miili yetu jukwaani, tumbo likikaza tunajua tukio halijakaa sawa. Tutoke na ujuzi huo hadi nje ya ukumbi wa mazoezi.